Rola Namba Mbili

Rola namba mbili imerudi karakana,
imelazwa juu ya magogo
kama ng'ombe aliyekataa kuinuka.
Miezi minne tu, na chumvi imeila kati
kuliko kingoni, mfano wa kisu cha mama
kilichonolewa mpaka kikabaki kiuno.
Mimi ndiye mwenye maikromita,
mimi ndiye wa kutamka: milimita tatu na robo
zimekwenda.
Wapi, hakuna anayeuliza.
Nyingine zilinaswa na sumaku.
Nyingine, Mungu ndiye ajuaye,
zimo kwenye pakiti za nusu kilo,
ndani ya mchuzi wa mtu asiyejua Gongoni iko wapi.

Huku kila kitu huliwa.
Bawaba za mlango, spoku za baiskeli ya Mwambire,
mabati yaliyoezekwa juzi.
Fundi Famau alizivika rola kwa fimbo za kuchomelea
miaka na miaka, tabaka juu ya tabaka,
na usiku, chuma kikipoa, tulisikia toka majumbani:
ta!
Alfajiri huja na tochi kuutafuta ufa
kama mtu aliyeangusha pete.

Safari hii lori limetoka Mombasa na kontena jeupe.
Ndani, mkono wa mashine, na msichana aitwaye Mwende
mwenye miwani ya kijani na sauti ya mwalimu wa hesabu:
"Msitazame. Hata ukiitwa na mama'ko, usitazame."
Kwenye mrija akatia unga wa kijivu,
laini kama wa muhogo: nikeli, kromu,
na vipunje vya kitu kigumu nilichosahau jina lake.
Rola ikaanza kuzunguka polepole.
Leza ikashuka.
Si moto nilioujua; hauna ulimi, hauna moshi,
nukta tu, ndogo kuliko punje ya mtama,
ikiyeyusha unga na ngozi ya chuma kwa pamoja,
mstari ukipanda theluthi ya mwenzake
kama makuti yanavyolaliana paani.
Hakuna maji, hakuna mafuta ya kupozea.
Chuma chenyewe, kwa ubaridi wa tumbo lake,
kiliumeza moto na kuugandisha.
Famau aliisubiri ile ta! mpaka saa nane za usiku.
Haikuja. Akaondoka bila kuaga.

Bwana Shekue wa stoo, mtu wa Lamu,
hawezi kuona ubao mtupu akaupita.
Akaandika kwa chaki ubavuni mwa kreti:

     Umekula chuma chetu, mwaka nenda mwaka rudi,
     ukatafuna na vyetu, visigino vya juhudi,
     leo rola ina kitu, joho jipya la hadidi,
     chumvi, hebu uthubutu, meno yatakukaidi.

Asubuhi wanawake wa vitaluni wakaingia kuitazama,
koleo begani.
Haluwa, miaka kumi na saba ndani ya maji ya chumvi,
akaweka kiganja juu yake. Ilikuwa bado na uvuguvugu.
"Milimita ngapi?"
Moja na nusu, nikamwambia. Ndani ni ileile ya zamani,
laini, ndiyo maana haivunjiki.
"Na bei?"
Nikamtajia.
Akacheka kicheko cha puani.
"Buti tuliambiwa mwakani. Mwaka jana."

Leo imetimia miezi minne.
Nimeifuta rola kwa tambara, nimepima mara tatu
maana sikuamini: sehemu tatu za mia ya milimita.
Nimeandika kitabuni.
Kisha Haluwa akavua kandambili, akaketi juu ya ndoo,
nikachukua kipima-kina, nikakifuta kwa spiriti,
nikakishusha ndani ya ufa wa kisigino chake cha kushoto.
Hakusema kitu.
Mbili na nusu.
Nimeiandika chini ya ile nyingine, safu ileile,
wino uleule,
na jioni meneja ametia sahihi ukurasa mzima.